Dohani ya zamani na jiko jipya la kuni: ni lazima kuvisha bomba ndani?

#1 Mjukuu_wa_Mpwapwa
Wakuu, habari za jioni. Swali ni kwa mafundi na kwa yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba yenye dohani.

Nyumba yetu ya familia iko Mpwapwa, ya mawe na tofali za kuchoma, ya tangu enzi za Mwingereza. Sebuleni pana sehemu ya kuotea moto. Dohani yake imejengwa ndani ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba wanacholala watoto, inapita darini na kutokea juu ya bati. Mama ni mtu mzima sasa, na upepo wa Juni na Julai unamtesa. Nimepata jiko la kuni la chuma lililotumika, lenye mlango wa kioo, tundu lake la moshi ni inchi 6.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza kasema chomeka kipande cha bomba kwenye dohani, ziba pembeni, washa. Wa pili kasema lazima dohani ipigwe plasta ya saruji kwa ndani kwanza. Wa tatu kasema bila bomba la stenlesi kutoka kwenye jiko mpaka juu kabisa yeye hafungi, nitafute mtu mwingine. Wote watatu ni watu wenye kazi zao zinazoonekana.

Mambo mawili myajue. Tundu la dohani kwa ndani ni kama sentimita 35 kwa 35. Halafu tukiwasha moto wa wazi, chumba cha watoto kinanuka moshi, na ukutani karibu na silingi kuna doa la rangi ya chai. Nani yuko sahihi?

#2 Kijana_wa_Nkuhungu
Nafuatilia.

#3 Baridi_ya_Makete
Dodoma mnaota moto? Njooni huku Makete Julai ndiyo mtajua baridi ni nini. Hiyo yenu ni upepo wa kukausha nguo.

#4 Fundi_Isanga
Mkuu wa Makete, mzee wa miaka themanini hapimi baridi kwa kulinganisha mikoa.

Mtoa mada, mimi ni mwashi. Hiyo dohani imesimama miaka mingi na imebeba moshi miaka yote hiyo. Moshi ni moshi, uwe wa moto wa wazi au wa jiko. Inachohitaji ni kusafishwa masizi, kisha kuzibwa nyufa unazoziona. Hela ya stenlesi utaezeka banda zima la kuku.

#5 Mchomea_Vyuma
Fundi_Isanga nakuheshimu, lakini hapo kwenye "moshi ni moshi" sikubali.

Moto wa wazi unavuta hewa nyingi sana ya sebuleni. Hewa hiyo inachanganyika na moshi na kuusukuma juu haraka. Jiko la mlango linafunga hewa. Linatoa gesi kidogo, na usiku mtu akibana kabisa ili kuni zikae mpaka asubuhi, moshi unatoka mchache, mzito, na unatembea polepole. Sasa piga hesabu. Bomba la inchi 6 lina eneo la kama sentimita za mraba 180. Dohani ya 35 kwa 35 ni 1,225. Karibu mara saba. Gesi ikitoka kwenye jiko na kuingia kwenye nafasi hiyo, mwendo unashuka karibu mara saba na joto linaliwa na tofali baridi. Moshi wa kuni ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi, mvuke wake unaanza kuganda ukutani pamoja na lami nyeusi. Lami hiyo ina asidi, inakula mota. Na ikikauka ikawa tabaka, siku moja cheche inaiwasha. Moto wa ndani ya dohani unaweza kuvuka nyuzi 1,000.

Kwa hiyo bomba la ndani halizibi nyufa tu. Linafanya njia iwe nyembamba na ya moto ili moshi utoke kabla haujaganda. Ndiyo sababu fundi wa tatu kagoma, na mimi nipo upande wake.

#6 Zabibu_Tamu
Mnaruka jambo la kwanza kabisa: kuni. Ukichoma kuni mbichi hata bomba la dhahabu litajaa lami. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa karibu nusu maji. Kuni za jiko la namna hiyo zinatakiwa unyevu chini ya asilimia 20. Na sisi Dodoma Mungu katupa ukame: pasua kuni mwezi wa tano mvua zikiisha, zipange juu ya mawe penye upepo, zifunike juu tu. Doa la rangi ya chai mimi nalisoma kama kuni mbichi. Mtoa mada, mnachoma nini?

#7 Mwl_Mstaafu
Nilipangishwa nyumba Kongwa, zile zilizojengwa na Wajerumani, zina dohani. Tulikuwa na doa kama hilo hilo. Tukahangaika na nyufa, tukabadilisha kuni, doa lipo. Mwisho fundi bati akapanda juu akakuta dohani haina kofia. Mvua ya Januari inaingia moja kwa moja, inalowesha masizi ya miaka yote, maji yanapenya kwenye tofali na kuja na rangi yake. Tulipoweka kofia ya bati juu na kuacha pembeni wazi, doa halikuongezeka tena. Hatukuvisha bomba lolote. Asante.

#8 Reli_ya_Kati
Mwalimu, Kongwa si Wajerumani. Nyumba hizo ni za Waingereza, za ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Mjerumani alikuwa ameshaondoka miaka mingi. Ukitaka za Mjerumani tafuta Kilimatinde, au jengo la stesheni Dodoma, reli ilifika hapo 1910.

Ni muhimu kwa mada hii kwa sababu nyumba za miaka ya 1940 nyingi zilijengwa haraka kwa saruji, za zamani zaidi zina chokaa. Mtoa mada angekwangua kidogo aone mota yake ni ipi.

#9 Mjukuu_wa_Mpwapwa
Asanteni sana wote.

Zabibu_Tamu, tunachoma matawi ya mwarobaini na mikaratusi ya shambani kwetu. Mengine huwa yamekaa, mengine si sana. Mwalimu, kofia haipo, na mama anasema Februari ukuta ule ulikuwa na unyevu. Lakini doa lenyewe tuliliona mara ya kwanza Julai, hakuna mvua. Reli_ya_Kati, nimekwangua kwa msumari: mota ni nyeupe, laini, inadondoka kama unga.

#10 Reli_ya_Kati
Chokaa hiyo.

#11 Binti_Kondoa
Habari zenu. Nasoma watu wanabishana nani yuko sahihi wakati dohani yenyewe haijaulizwa. Ipimeni kwanza.

Sisi tulikaa kwenye nyumba ya misheni ya zamani Kondoa. Kabla ya kufunga jiko, shemeji alifanya hivi. Aliwasha karatasi kavu na vijiti chini mpaka dohani ikapata joto, moshi ukawa unapanda. Akatupia majani mabichi upate moshi mwingi mweupe. Mtu wa pili juu ya bati akaziba mdomo wa dohani kwa gunia lililolowa, na wa chini akaziba sehemu ya moto kwa ubao na matambara. Wengine tukazunguka: vyumbani, darini, nje. Moshi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia, kwenye boksi la soketi ya umeme chumba cha pili. Fundi umeme wa miaka ya nyuma alikata ukuta kupitisha waya, akatoboa mpaka ndani ya dohani na kufunika na plasta. Bila kipimo kile tungekuwa tunatafuta nyufa upande usio wake.

Tochi nayo inasaidia. Funga simu kwenye kamba, washa taa yake na video, ishushe taratibu kutoka juu.

#12 Fundi_Isanga
Binti_Kondoa umesema neno. Hilo naunga mkono. Moshi ukitoka sehemu moja mbili, unaziba sehemu hizo na unaendelea na maisha.

#13 Muuguzi_wa_Zamu
Naongeza kwenye post #11 kabla mtu hajaenda kujaribu usiku. Fanyeni mchana, madirisha wazi, watoto na mama wawe nje, na msikae na moshi umezibwa kwa muda mrefu. Kinachoua si ule moshi mweupe unaouona. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni malaria au amechoka, analala. Kila msimu wa baridi tunasikia za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango.

Na ndiyo maana ile harufu chumba cha watoto isichukuliwe kama kero ya harufu. Moshi ukipita, na hiyo gesi inapita. Mpaka ijulikane inatokea wapi, watoto walale chumba kingine siku mkiwasha moto.

#14 Mgogo_wa_Ntyuka
Mimi nauliza tu. Bibi yangu aliishi kwenye tembe, moto katikati, hakuna dohani, hakuna tundu. Moshi ulijitafutia njia kwenye udongo wa paa. Na moshi huo huo ulilinda fito zisiliwe na mchwa, mbegu za uwele na mtama zilitundikwa juu hazikubunguliwa. Alifika uzeeni anatembea kwa miguu yake. Leo tunajadili stenlesi!

#15 Muuguzi_wa_Zamu
Mgogo_wa_Ntyuka, bibi zetu walikuwa na macho mekundu na kikohozi kisichoisha, tukadhani ndiyo uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya mapema milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi ulilinda mbegu, hilo kweli. Mapafu haukuyalinda.

#16 Kijana_wa_Nkuhungu
Kwani kuni si zimepigwa marufuku? Nunua mtungi wa gesi mkuu, uzi ufungwe.

#17 Reli_ya_Kati
Katazo ni la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Nyumba ya mtu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na hapo tunazungumzia kupika. Mama wa watu anataka kuota moto. Mtungi wa gesi haukupashi sebule usiku kucha, na heita ya umeme ukiiona kwenye luku utaizima mwenyewe.

#18 Binti_Kondoa
Ila Kijana_wa_Nkuhungu ana hoja kwenye miti. Kwetu Kondoa ardhi ililiwa na makorongo mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa milimani Irangi. Anayechoma kuni awe anapanda. Mtoa mada kasema anachoma matawi ya shambani kwake, hilo nimelipenda.

#19 Kibakwe_Juu
Turudi kwenye dohani jamani.

Kwa wale wa bomba la ndani: lipatikane wapi na la aina gani? Mimi niliambiwa bati la galivanaizi geji 24 likikunjwa vizuri linatosha na ni bei rahisi.

#20 Mchomea_Vyuma
Galivanaizi usithubutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na inaanza kuharibika mapema kuliko hapo, moshi wake ni sumu, halafu ile asidi ya moshi wa kuni inaila haraka. Ndani ya ukuta hutaona likitoboka.

Bomba la chuma cheusi cha milimita 3 linafaa kwa kipande kinachoonekana kati ya jiko na dohani, kwa sababu unakiona na unaweza kukibadilisha. Kwa urefu wote wa ndani ni stenlesi. Wenzetu wanatumia daraja la 316 na kupanda. Hii ya mageti huku mitaani mara nyingi ni 201 au 304.

#21 Kibakwe_Juu
Sumaku si inatosha kuitambua? Isiyonasa ndiyo nzuri.

#22 Mchomea_Vyuma
Hapana. 201, 304 na 316 zote hazinasi, au zinanasa kwa mbali sehemu iliyokunjwa. Sumaku itakukamatia 430 tu. 316 ina molibdenamu ndani yake, macho hayaioni wala sumaku haiioni. Omba cheti cha bati au nunua kwa mtu anayekuandikia daraja kwenye risiti.

#23 Mzee_wa_Chokaa
Vijana, shikamooni nazipokea. Nimejenga miaka mingi, nimefumua dohani za wamisheni kwa mikono yangu. Nawaambia walichofanya: ndani walisiliba kwa chokaa iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Na kwao Ulaya walifanya hivyo hivyo karne nyingi. Mchanganyiko huo unatanuka na kusinyaa pamoja na tofali, haupasuki ovyo.

Fundi wa pili aliyesema plasta ya saruji anakosea. Saruji ya kawaida ni ngumu kuliko tofali zetu na kuliko hiyo chokaa. Ikipata moto inatanuka kivyake, na ikivuka nyuzi 300 inaanza kupoteza nguvu. Itabanduka vipande vipande, idondoke chini na kuziba njia ya moshi. Kama mtasiliba, silibeni kwa chokaa, au tafuteni saruji ya moto inayotumika kwenye matanuri.

Swali la kweli ni utaisilibaje dohani ya futi moja na kidogo mita tano juu? Fundi haingii humo. Zamani walisiliba huku wanajenga, tofali kwa tofali. Kusiliba leo maana yake ni kutoboa ukuta kila mita na kuuziba tena.

#24 Fundi_Isanga
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kutoboa kila mita tutakubaliana. Lakini dohani fupi ya nyumba isiyo ya ghorofa kazi hiyo ni ya wiki, na kijiji kizima kinaiweza.

#25 Ufa_wa_Bahi
Hakuna aliyetaja ardhi yenyewe. Tuko kwenye bonde la ufa, tetemeko dogo dogo Dodoma ni jambo la kawaida. Dohani ni kitu kirefu, chembamba, kizito juu, kimeshikwa na chokaa inayodondoka kama unga. Kila mtikisiko unafungua viungo. Utaziba leo kwa chokaa, mwakani ufa mwingine umbali wa nusu mita. Ndiyo maana mimi ningeweka bomba la stenlesi linalopinda, lile la tabaka mbili. Ukuta ukicheza, lenyewe linacheza nao.

#26 Mwl_Mstaafu
Ufa_wa_Bahi, kama dohani ni mbovu kiasi hicho, bomba la ndani halitaizuia kudondoka juu ya bati. Hapo ni kuishusha mpaka usawa wa paa na kujenga upya.

#27 Reli_ya_Kati
Kwa wanaopenda kanuni: Uingereza nyumba mpya zilitakiwa kuwekewa vigae vya udongo wa kuchoma ndani ya dohani tangu kanuni zao za 1965. Zilizojengwa kabla ya hapo hawazivishi kwa sababu tu ni za zamani. Wanakagua. Ikivuja, au ikiwa pana mno kwa jiko linalofungwa, wanavisha. Kwa vipimo vya mtoa mada, kwenye "pana mno" ameshaingia. Kwenye "inavuja" tunasubiri.

Na urefu: kanuni ya Marekani ni mdomo wa dohani uwe angalau sentimita 90 juu ya bati pale unapotokea, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kwa upepo wetu hilo si dogo, dohani fupi inarudisha moshi ndani.

#28 Mjukuu_wa_Mpwapwa
Wakuu, tumepima leo asubuhi kwa njia ya Binti_Kondoa, madirisha wazi, mama akiwa kwa jirani.

Moshi umetoka chumba cha watoto, juu kidogo ya lile doa, kwenye mstari mwembamba wa mota. Umetoka na darini, upande wa nyuma, tena mwingi zaidi kuliko chumbani. Sebuleni hakuna. Tumeshusha simu: sehemu ya chini tofali ni safi na siliba bado ipo, kuanzia kama mita mbili kwenda juu siliba imebanduka na kuna kitu cheusi kinachong'aa kama kioo. Karibu na mdomo kuna kiota kikavu.

#29 Mchomea_Vyuma
Hicho kinachong'aa ndiyo lami niliyoisema #5. Imeganda juu kwa sababu huko ndiko kunakopoa. Na hiyo mmeipata kwa moto wa wazi tu, bado jiko. Brashi ya kawaida haiitoi, inataka kukwanguliwa. Kwangu kesi imeisha: safisha, visha bomba la inchi 6, zungushia pamba ya mawe.

#30 Zabibu_Tamu
Au imeganda kwa sababu ya mikaratusi mibichi na kiota kilichobana njia. Ondoa viwili hivyo, pima tena, kabla ya kununua chuma.

#31 Mwl_Mstaafu
Na hapo juu siliba ilipobanduka ndipo mvua inapogonga. Chini ni safi kwa sababu maji hayafiki. Kofia, kofia, kofia.

#32 Fundi_Isanga
Mita mbili za chini ni nzima. Basi fumua sehemu ya juu tu, kuanzia darini, jenga upya kwa tofali nzuri na usilibe ukipanda. Hakuna kutoboa ukuta wa chumba isipokuwa ule mstari mmoja.

#33 Mzee_wa_Chokaa
Fundi_Isanga ukijenga hivyo nitakuja kukushikia ndoo. Lakini upana utabaki ule ule, na hoja ya kijana wa vyuma kuhusu upana hujaijibu.

#34 Fundi_Isanga
Mzee, nikijenga upya najenga nyembamba.

#35 Mchomea_Vyuma
Nyembamba juu, pana chini? Gesi itapoa huko huko chini kabla haijafika kwako.

#36 Kibakwe_Juu
Moshi mwingi umetoka darini, na hakuna aliyeuliza kilichoko darini. Mtoa mada, kenchi zimekaa umbali gani na dohani? Mbao inatakiwa iachwe angalau sentimita 5 na tofali. Nyumba nyingi za zamani fundi aliegemeza kenchi juu ya dohani kabisa. Mbao iliyopashwa moto miaka na miaka inakauka mpaka inashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Hapo ukiwa na ufa na ile lami, zimamoto wa 114 watafika Mpwapwa bati limeshalala.

#37 Mjukuu_wa_Mpwapwa
Kibakwe_Juu, nimepanda sasa hivi na tochi. Kenchi moja imegusa. Upande ule ule moshi ulikotoka, na mbao ina weusi. Jiko linabaki kwenye boksi lake, na moto wa wazi nao tumeuzima. Jumamosi fundi seremala anakuja kwanza, hao wengine watatu nimewaita waje siku hiyo hiyo wasimame mbele ya dohani pamoja.

#38 Mchomea_Vyuma
Mwambie wa tatu aje na kipimo cha jiko, si cha dohani. Na hiyo kenchi ikatwe na kuegemezwa upya kabla mtu yeyote hajabishana juu ya bomba.

#39 Baridi_ya_Makete
Sisi huku kila nyumba ya zamani ina kenchi iliyogusa. Nakwenda kupanda darini kwangu.